Kikombe Mlangoni kwa Kalondu

Wakio alikuwa na maji mdomoni mlango ulipofunguka. Angeyameza, mambo yangeishia pale. Angesema, "Umeamkaje, Mama Mwendwa," akaenda zake. Lakini maji yale hayakuwa ya kumezwa. Alikuwa ameyatia hasira yake yote, na mtu akiimeza hasira aliyokwisha kuikusanya mdomoni, inarudi tumboni na meno. Akayapuliza. Yakatua kizingitini, mengine yakamrukia Kalondu miguuni.

Kalondu alitazama miguu yake, kisha akatazama kikombe. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wake Mwendwa, kichwa kimelegea ndani ya leso, homa haijamwachia tangu juzi.

"Mama Lois," akasema polepole, "umefanya nini mlangoni kwangu?"

"Si ubaya, Mama Mwendwa. Ngoja nikwambie."

"Mtoto wangu anaumwa. Wewe unaamka kabla ya kuku, unakuja kutema maji mlangoni kwangu. Sasa utaniambia nini?"

Mlango ukafungwa, komeo likasukumwa. Wakio akabaki uani na kikombe chake cha bati.

Nyumba hiyo ilikuwa nyuma ya stesheni ya Voi, ndefu kama behewa, vyumba vimepangwa mstari mmoja na kila mlango unatazama uani. Mfereji ulikuwa mmoja, na choo kimoja. Choo hicho wapangaji walikichimba wenyewe, mwenye nyumba akipita Jumapili baada ya ibada kuchungulia shimo limefika wapi. Lipu ya kuta waliipiga wenyewe pia, kwa mchanga waliobeba kichwani kutoka mtoni. Mwenye nyumba alileta nini? Alileta mabati na kufuli. Lakini ukiuliza nyumba ni ya nani, kila mtu mjini angekujibu bila kufikiri: ya Bwana Stephen Mwandawiro, mzee wa kanisa, mtu wa kule juu Wundanyi.

Mwaka huo wa sabini na nne barabara ya Mombasa ilikuwa na lami, na malori yalikuwa yanalala Voi kwa wingi. Mwandawiro alishapiga hesabu yake. Mpangaji analala na watoto wake chumba kimoja mwaka mzima. Dereva wa lori analala mara moja, asubuhi ameondoka, jioni amekuja mwingine. Alitaka logingi, nyumba ya kulala wageni. Aliwaambia wapangaji watoke. Wakamwuliza waende wapi, maana ukame ulikuwa umemwaga nusu ya Ukambani pale mjini na hata banda la kuku lilikuwa na mpangaji. Akasema hilo si swali la kumwuliza yeye.

Kisha akaonyesha njia yake. Alikuwa na nyumba nyingine upande wa sokoni. Siku ya gulio, watu wote wakiwa kwenye biashara zao, alipeleka fundi na ngazi. Waliporudi jioni walikuta vitanda vyao vinatazamana na mbingu. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alitoa tu mabati yake, na bati ni mali yake, nani atamshtaki?

Ndipo watu wa nyuma ya stesheni wakakaa uani wakakubaliana: hakuna chumba kitakachoachwa kitupu mchana. Kila mlango uwe na mtu ndani, awe mgonjwa, awe bibi kizee, awe nani. Fundi hawezi kung'oa bati juu ya kichwa cha mtu. Likimwangukia, ni yeye atakayejibu polisi, si Mwandawiro. Anayebaki, wenzake watamtafutia chakula. Na aliyesisitiza kuliko wote ni Kalondu, kwa sababu chumba chake kilikuwa cha mwisho. Mabati ya nyumba ile yalianza kupigiliwa upande wa Wakio, kila moja likilalia ukingo wa lililotangulia, mpaka la mwisho kabisa likafunika chumba cha Kalondu. Kuyatoa ni lazima uanzie kwa Kalondu. Kalondu akikaa, nyumba nzima imekaa.

Sasa Kalondu ndiye aliyekuwa ameguswa miguu na maji ya Wakio.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kinu. Kalondu aliwauzia muthokoi makuli wa stesheni, na muthokoi haupikwi bila mahindi kutwangwa. Alitwanga alfajiri, kinu kimeegemea ukuta wa Wakio kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli asubuhi. Kila mchi ukishuka, lipu ya Wakio ilidondoka ndani, juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya daftari za shule za mwanawe Lois. Lipu ile Wakio aliipiga kwa viganja vyake akiwa na mimba.

"Twanga tu, Mama Mwendwa," alimwambia siku moja. "Twanga mpaka nyumba ianguke. Utamwokolea Mwandawiro gharama ya fundi."

"Na wewe kula hizo kabichi zako mbichi, usisikie kishindo," Kalondu akajibu. Wakio aliuza mboga zilizoshuka kutoka milimani. Watu wakacheka, na Wakio akacheka pia, lakini kicheko hakikushuka. Aliacha kumsalimia jirani yake. Akaanza kuomba kwa siri kinu kile kipasuke. Siku hizo hizo Mwendwa akapata homa.

Kwa Wadawida, kabila la Wakio na Mwandawiro, hasira si kitu cha kusema itapita. Mtu akiiweka moyoni kimya, inatoka yenyewe bila ruhusa yake, inakwenda kumshika yule aliyekasirikiwa, na ikimkosa inamshika mtoto wake. Mwenye hasira anaweza asitake kabisa. Dawa iko mikononi mwake peke yake: anachukua maji, au maji ya muwa, anayatia mdomoni, anayapuliza nje na hasira yake ndani, kisha anamwombea yule mwenziwe sere, yaani amani na afya. Huko ndiko kutasa. Wakio alikuwa Mkristo, Jumapili aliimba sauti ya pili kanisani, lakini jambo hili hakuliona kama dini nyingine. Aliliona kama kuosha mikono. Na kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ukimkuta jirani anatasa mlangoni kwako, unamshukuru.

Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba Mkamba hakulelewa Rukanga.

Jua lilikuwa limeshika uani Mwandawiro alipokuja. Alikuja mara kwa mara siku hizo, kofia kichwani, akitembea polepole mbele ya milango kama mtu anayehesabu mbuzi. Alimkuta Kalondu ameketi kizingitini, mtoto mapajani, macho mekundu. Munyao, fundi viatu wa chumba cha katikati, alikuwa na kiatu magotini na misumari midomoni. Wakio alikuwa mferejini.

"Mtoto vipi, mama?" Mwandawiro akauliza.

"Alichomwa sindano jana hospitalini. Bado." Kalondu aliinua uso. "Bwana Mwandawiro, wewe ni mtu wa huku. Nataka kukuuliza kitu. Kwenu, mtu akija alfajiri mlangoni kwako na maji mdomoni, akayatema, ana maana gani?"

Ndoo ya Wakio ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, hakuyaona. Aliona ahueni. Mdawida mwenzake amefika, mzee, mwenye heshima. Atamweleza Kalondu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chake, na jambo litakwisha. Akamtazama Mwandawiro akimngoja.

Mwandawiro alimtazama pia. Alielewa palepale, uso wa mtu anayeelewa haufichiki. Kisha akatazama bati la mwisho juu ya chumba cha Kalondu.

"Mama," akasema, sauti imeshuka kama ya mtu wa msibani, "mambo hayo sisi tuliookoka tuliyaacha. Sipendi hata kuyataja. Lakini kama ningekuwa na mtoto mgonjwa, na mtu akatema maji mlangoni kwangu, nisingelala hapa tena."

"Mwandawiro," Wakio akasema. Hakusema Bwana. "Unajua ile ni kutasa."

"Najua ninachojua."

"Mama yako alikutasia ulipougua. Mama yako mzazi. Mwambie huyu mama ukweli."

"Usimtaje mama yangu." Akamgeukia Kalondu. "Nina jamaa Mwatate mwenye chumba. Kidogo, lakini kina amani. Ukitaka, fungasha, mkokoteni nitakuletea mimi mwenyewe. Hata sitaki asante."

Akaenda zake. Aliharakisha sasa, na kila mtu pale uani alijua anakwenda kumwita nani.

"Mama Mwendwa," Munyao akasema akitoa misumari mdomoni, "huyu bwana lini alikuletea hata kijiko? Leo anakuletea mkokoteni?"

"Mzee Munyao, wewe huna mtoto."

"Sina. Lakini nina kichwa, na juu ya kichwa nina bati, na bati langu limelaliwa na lako."

"Basi niue mtoto kwa ajili ya bati?"

 Munyao akarudi kwenye kiatu chake, akakigonga vibaya.

Kalondu akaanza kufungasha. Wakio alimsikia kupitia ukutani: kitanda kinaburutwa, sufuria zinaingizwa moja ndani ya nyingine. Alikwenda mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza Kalondu alimwambia, "Usivuke hapo." Mara ya pili alimfunika mtoto uso na leso, na hilo lilimchoma Wakio kuliko tusi.

Alirudi chumbani kwake akakaa kitandani. Mumewe Zephaniah alikuwa huko kwenye shamba la mkonge mpaka Jumamosi. Lois alikuwa shuleni. Kama bati la Kalondu lingeng'olewa leo, la Munyao lingefuata, na kabla ya jioni fundi angefika hapa, juu ya kitanda hiki.

Akamkumbuka mamake. Mamake alikuwa mtoto wa mgongoni Waingereza walipowatoa watu wa Kasigau wakati wa vita vya Mjerumani, wakawachomea nyumba, wakawasukuma hadi Malindi kwa kushukiwa tu kwamba wamemwonyesha adui njia. Wengi walikufa kwa homa huko, na walioishi walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Katika hadithi za mamake moto haukuwa na nafasi kubwa. Alihadithia juu ya mlango. Nyanya yake Wakio, nyumba ikiwa inaungua nyuma yake, alifunga mlango kwa kamba, fundo zuri, kama mtu anayekwenda sokoni. Wakio alipokuwa mdogo alicheka kila aliposikia hapo. Leo hakuona cha kuchekesha. Macho yake yalikuwa kwenye komeo la mlango bila yeye kujua.

Kule Kasigau watu hawakuulizwa. Hapa mtu ameuliza, na amejibiwa uongo na mtu anayejua ukweli. Akasimama, akachukua kile kikombe cha bati, akakijaza mferejini.

Walirudi jua likiwa utosini. Mwandawiro mbele, mkokoteni na msukumaji wake nyuma, na nyuma kabisa Josephat fundi na ngazi begani. Josephat ndiye aliyepigilia mabati yale mwanzo. Alikuwa Mdawida wa Mbololo, mtu mpole, asiyependa kutazama watu usoni anapofanya kazi za namna hii. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa Kalondu.

Vitu vya Kalondu vilikuwa vimeshatoka uani. Kitanda kimefunguliwa, godoro limefungwa kwa kamba, kinu kimelala ubavu. Kalondu mwenyewe alikuwa bado mlangoni, Mwendwa mgongoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Twende, mama," Mwandawiro akasema. "Jua litamzidi mtoto."

Wakio akapita mbele ya ngazi, akasimama katikati ya uani mahali ambapo kila mtu anamwona. Kikombe kilikuwa mkononi, kimejaa maji.

"Mama Mwendwa, sitakukaribia. Sikia tu, halafu uende ukitaka." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Mimi nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa sababu ya kinu chako. Lipu yangu ilikuwa inaanguka, na wewe ulinicheka mbele ya watu kwa ajili ya kabichi. Nikaomba kinu chako kipasuke. Ndiyo, niliomba. Nikaacha kukusalimia. Mwendwa akaugua, nikajua hasira yangu iko nje inazurura. Leo alfajiri nilikuja kuitoa. Hayo maji hayakuwa ya kukuroga, yalikuwa ya kuniosha mimi. Kosa langu ni kwamba sikukwambia. Kwetu haisemwi, kila mtu anajua. Nilisahau wewe si wa kwetu."

Akatia maji mdomoni, akayapuliza kwenye mchanga, mbali na miguu ya mtu yeyote. "Mtoto apone. Mama yake apate riziki. Sere."

Mguu wa nje wa Kalondu haukusogea.

"Umemaliza mchezo?" Mwandawiro akauliza. "Josephat, panda."

"Bado," Wakio akasema. Akamnyooshea kikombe. "Zamu yako."

"Nini?"

"Wewe ni Mdawida. Umemwambia huyu mama kwamba haya ni mambo ya kuua watoto. Kama kutasa ni uongo, haya ni maji tu ya mfereji wako, yatakufanya nini? Shika. Tia mdomoni, upulize, useme mbele yetu: sina kinyongo na mtoto huyu, wala na mama yake, na simtoi hapa kwa ajili ya bati langu. Ukisema, mimi mwenyewe nitambebea godoro."

 Hata msukuma mkokoteni, ambaye hakujua kinachoendelea, alijua kuna kitu kinangojewa.

Mwandawiro alitazama kikombe. Angeweza kukipokea. Dakika ile ile, angekipokea na kusema maneno yale, wapangaji wangetawanyika kabla ya saa ya chai. Mkono wake uliinuka kidogo, ukafika usawa wa kifungo cha koti, ukasimama. Alikuwa ameokoka, alikuwa na kiti chake kanisani. Lakini kabla ya hayo alikuwa mtoto wa mtu kule juu, na alijua tangu hajajua kusoma kwamba anayetasa huku hasira yake ameishikilia moyoni anajifungia nayo yeye na watoto wake.

Mkono ukarudi mfukoni.

"Mimi sinywi uchafu wa kishenzi," akasema.

"Haunywewi," Munyao akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Unatemwa. Hata mimi Mkamba nimeshaelewa, wewe wa Wundanyi umesahau?"

Mtu mmoja akacheka. Kalondu hakucheka. Alikuwa anautazama ule mfuko wa koti uliomeza mkono wa Mwandawiro.

"Kwa nini hushiki, bwana?" akauliza.

"Mama, nimekwambia, nimeokoka."

"Asubuhi uliniambia yananidhuru mimi. Sasa naona unayaogopa wewe." Alitoka mlangoni akavuka uani hadi kwa Wakio. "Nyanya yangu Kitui, nikitaka kusafiri, alinitemea mate viganjani. Kidogo tu, hivi. Nikafunga ngumi nikaenda nayo. Hakuna mtu alinifundisha kwamba ni baraka, nilijua. Mbona leo asubuhi sikukumbuka?"

"Ulikuwa na mtoto mgonjwa," Wakio akasema.

"Lete."

Akapokea kikombe. "Mimi pia nilikukasirikia, Mama Lois. Ulisema muthokoi wangu ni chakula cha punda."

"Lini nilisema?"

"Ulimwambia mama wa duka. Nilisikia."

Wakio akafikiri. "Nilisema," akakubali.

"Basi na hiyo itoke." Kalondu akatia maji mdomoni, akayapuliza vibaya, mengi yakamwishia kidevuni na kifuani, Mwendwa akashtuka mgongoni na kulia kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka. Kalondu akajipangusa. Kisha akarudi chumbani kwake, kisicho na kitanda wala godoro, akaketi sakafuni katikati, chini kabisa ya bati la mwisho, akamshusha mtoto akaanza kumnyonyesha.

"Panda, Josephat," Mwandawiro akasema.

Josephat alikuwa ameweka mguu kwenye kipago cha kwanza tangu mwanzo. Akatazama ndani ya mlango, akatazama juu. "Kuna mtu chini, Bwana Stephen."

"Nimesema panda. Mimi ndiye ninayekulipa."

"Ndiyo. Lakini bati likiteleza, ni mkono wangu." Aliushusha mguu. Alipokuwa anaiinua ngazi, akamwambia mwajiri wake kwa Kidawida, kwa sauti ndogo ambayo Wakio alisikia, "Ungeshika tu kikombe, mzee. Umekataa kwa sababu gani?"

 Mwandawiro aliwatazama wapangaji mmoja mmoja, akiwaweka kichwani. "Mnafikiri mtakaa hapa ndani mpaka lini? Mtatoka kwenda choo. Mtatoka kwenda kuzika. Mimi nina subira."

"Choo tulichimba wenyewe, tunajua kwenda kwa zamu," Munyao akasema.

Mwenye nyumba akaondoka na mkokoteni mtupu ukigongagonga nyuma yake. Hakuna aliyeshangilia. Alichosema kilikuwa kweli, na wote walijua atarudi.

Wakio na Munyao wakaanza kurudisha vitu. Kitanda, godoro, sufuria. Kinu kilikuwa kizito. Wakio alikisimamisha peke yake, akakizungusha kwa ukingo wake mpaka ukutani, ukutani kwake mwenyewe, pale penye kivuli cha asubuhi.

"Si hapo," Kalondu akasema kutoka ndani. "Lipu yako."

"Chumba chako ndicho kinacholinda vyote. Nikisikia unatwanga, nitajua upo." Akakivuta kidogo, kinu kikatoka ukutani upana wa kiganja. "Ila kikae hapa. Kisiguse."

Kesho yake alfajiri Mwendwa alikuwa bado na joto, lakini aliomba uji. Mchi ukaanza kushuka. Wakio alilala macho wazi, mkono wake juu ya ukuta, akisubiri vumbi la lipu.